Mazungumzo ya 9: Kukarabati Nyumba ya Zamani kwa Vifaa Vilivyokwisha Kutumika

  Mama uliye jikoni, isogeze redio karibu kidogo, kwa maana leo tunazungumza juu ya hilo jiko lenyewe, kuta zake na paa lake.

Huenda unajiuliza, muuguzi na mambo ya mjengo wapi na wapi? Mengi ya magonjwa tunayoyaona kwenye zahanati yameanzia nyumbani. Mtoto analetwa na kikohozi kisichoisha. Mwingine analetwa na vidole vilivyojaa funza. Ukifuata ugonjwa huo kurudi ulikotoka, unafika kwenye sakafu ya vumbi, kwenye ukuta wenye nyufa, au kwenye jiko lisilo na dirisha.

Familia nyingi huku kwetu zinaishi katika nyumba iliyoachwa na babu au susu. Ni nyumba ya matofali ya kuchoma yaliyojengwa kwa udongo, paa la mabati yaliyoanza kutoboka, na jiko la kando lililokandikwa. Kubomoa yote na kujenga upya kunahitaji pesa ambazo wengi wetu hatuna, na hizo kidogo zilizopo zinangojwa na karo. Tena si lazima kubomoa. Nyumba yenye msingi imara na kuta zilizosimama wima inaweza kukarabatiwa. Sokoni hapa Kabati, na kando ya barabara ya kwenda Kitui na ile ya kwenda Migwani, hukosi kuona milango, fremu za madirisha, mbao na mabati yaliyotolewa kwenye majumba mengine.

Mimi ninaunga mkono vifaa hivyo. Bei yake ni nafuu, na tofali la zamani halihitaji kukatiwa mti mwingine wa kuchomea tanuri. Sisi wa Kitui tunajua thamani ya mti na ya mchanga wa mto. Mwaka 2018 serikali ya kaunti ilipiga marufuku makaa na mchanga kusafirishwa nje ya kaunti kwa sababu mito na vichaka vilikuwa vinakwisha.

Hata hivyo, kabla ya kununua kifaa cha zamani kuna maswali mawili. La kwanza: kifaa hiki kilikuwa kinafanya kazi gani, na kilitoka wapi? La pili: hapa nyumbani kitakaa karibu na nini? Kama kitakaa karibu na pumzi, chakula au mkono wa mtoto, kichague kwa makini.

Nianze na kile ambacho hufai kukichukua hata ukipewa bure, nacho ni bati la asbesto. Haya ni yale mabati mazito ya rangi ya kijivu yaliyoezekwa kwenye shule, hospitali na nyumba nyingi za wafanyakazi wa serikali za miaka ya zamani. Utayatambuaje? Si chuma. Hayashiki kutu, ukiyagonga hayalii kama bati, yana unene, na yakivunjika huvunjika kama biskuti. Mahali palipovunjika huenda ukaona nyuzinyuzi ndogo. Nyuzi hizo ndizo zenye madhara. Mtu akikata, akitoboa au akivunja bati hilo, nyuzi ambazo macho hayawezi kuziona hupaa hewani, zikavutwa hadi ndani ya mapafu na kubaki humo. Zinaweza kuleta saratani ya mapafu na ya utando unaoyafunika, na ugonjwa huo huchukua hata miaka 20 au 40 kujitokeza. Mtoto anayecheza leo na kipande kilichovunjika anaweza kuugua akiwa mtu mzima mwenye watoto wake, na hakuna atakayekumbuka kipande kile.

Kwa sheria ya Kenya, asbesto ni taka ya hatari tangu kanuni za taka za mwaka 2006, na hutolewa na watu wenye kibali cha NEMA pekee. Kwa hiyo ukisikia kwamba nyumba fulani ya zamani inabomolewa na mabati ya kijivu yanagawiwa, usimtume kijana wako na mkokoteni. Usiyatumie kuezekea banda la kuku, wala kuzibia shimo njiani. Na kama wewe tayari unaishi chini ya paa hilo, usishtuke ukaanza kulibomoa usiku. Likiwa zima na halijaguswa, hatari yake ni ndogo. Usilipande, usilisugue, usilitoboe. Zungumza na afisa wa afya ya umma wa eneo lako akuelekeze.

Cha pili ni rangi ya zamani. Mlango au dirisha lililopakwa rangi miaka mingi iliyopita laweza kuwa na madini ya risasi ndani ya rangi hiyo. Rangi ikianza kubanduka, mtoto anayetambaa huokota magamba na kuyatia kinywani, au hulamba vumbi lake vidoleni. Risasi huharibu ubongo wa mtoto unaokua, na wataalamu wanasema hakuna kiasi cha risasi kilicho salama kwake. Wakenya tulijifunza ubaya wa madini haya kule Owino Uhuru, Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwaacha wakazi na watoto wao wakiwa wagonjwa. Mwaka 2020 mahakama iliamua walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Betri na mlango ni vitu viwili tofauti, lakini madini ni yale yale.

Mlango wa namna hiyo usiukwangue ukiwa mkavu, wala usiuchome moto ili rangi itoke. Ulowanishe kwa maji, uukwangue nje mbali na nyumba, watoto wasiwepo, kisha magamba uyafunge kwenye karatasi ya plastiki. Kama rangi ingali imeshika vizuri, osha mlango na upake rangi mpya juu yake. Au achana na rangi kabisa, utafute mlango ambao haujawahi kupakwa.

Nguzo za stima zilizozeeka nazo hupendwa sana kwa sababu mchwa hawazili. Lakini jiulize mchwa anakimbia nini. Zimetiwa dawa kali, na nyingine dawa yake ina sumu ya aseniki. Zifanye kona za ua kama unazo, lakini usijengee ghala la chakula, na vipande vinavyobaki usivitie jikoni kama kuni hata siku moja. Moshi wake na majivu yake vyote vina sumu. Vivyo hivyo oili chafu ya gari ambayo mafundi wetu hupaka mbao: isikaribie mahali mahindi yanapolala.

Sasa tuje jikoni.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 moshi wa majumbani uliua watu wapatao milioni 3.2 duniani, na kati yao zaidi ya 237,000 walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Mama mwenye mtoto mgongoni, ameinama juu ya mafiga matatu katika chumba chenye mlango mmoja, anavuta moshi huo yeye na mtoto kwa pamoja. Hapa ndipo fremu moja kuukuu ya dirisha kutoka sokoni inafanya kazi kubwa kuliko chupa nyingi za dawa ya kikohozi.

Moshi wa moto hupanda juu. Kwa hiyo tundu la kuutoa liwe juu, karibu na paa, na hewa safi iingilie chini, upande wa mlango. Mwambie fundi atoe safu chache za matofali chini ya paa katika kuta mbili zinazokabiliana, ili upepo uingie huku na kutoka kule. Matofali anayoyatoa hayatupwi: ndiyo utakayojengea jukwaa la jiko na kuinua moto kutoka chini, ili mtoto asiutumbukie. Lile jiko la kuni lenye kichomeo cha udongo, lililoenezwa na Maendeleo ya Wanawake tangu miaka ya 1980, hujengewa vizuri kwa matofali ya zamani na udongo. Kama paa ni la nyasi, tundu lisielekezwe mahali cheche zinaweza kufika. Kuni nazo zikauke. Kuni mbichi ni moshi mtupu hata jiko liwe zuri namna gani.

Kuna jambo ambalo watu husahau baada ya ukarabati. Nyumba kuukuu yenye nyufa ilikuwa inapumua yenyewe. Ukishaziba nyufa, ukaweka mlango unaofunga sawasawa na dirisha lenye kioo, chumba hicho hakina tena njia ya hewa mbaya kutoka. Msimu wa baridi wa Julai mtu akiingiza jiko la makaa chumbani na kufunga mlango, hewa ya sumu isiyo na harufu inaweza kuwaua wote wakiwa usingizini. Kadiri nyumba inavyozibwa vizuri ndivyo hatari hii inavyozidi. Jiko la makaa libaki nje usiku, hata kama linaonekana limezimika.

Na mtoto akikohoa, hesabu pumzi zake kwa dakika moja nzima akiwa ametulia. Mtoto wa miezi 2 hadi 11 akipumua mara 50 au zaidi, au wa mwaka mmoja hadi mitano akipumua mara 40 au zaidi, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo. Akiwa kifua kinadidimia chini ya mbavu anapovuta pumzi, usingoje hata chai iive.

Kuhusu sakafu na kuta sitachukua muda mrefu. Funza hukaa kwenye vumbi kavu. Sakafu ikifukuliwa, ikamwagiwa udongo wa changarawe, ikalowanishwa na kushindiliwa hadi ikawa ngumu, kisha ikapakwa simiti hata nyembamba, funza anakosa kitanda. Vipande vya matofali vilivyovunjika ni tabaka zuri la chini ya sakafu hiyo. Kama simiti haipatikani, nyunyiza maji kila unapofagia.

Ukuta wenye nyufa una mgeni mwingine. Usubi ni kidudu kidogo kuliko mbu, chenye rangi ya mchanga, kisicho na sauti, na mchana hujificha kwenye vichuguu vya mchwa na kwenye nyufa za kuta. Ndio wanaoeneza ugonjwa wa kala-azar, ambao wazee wetu waliujua vizuri: mwanzoni mwa miaka ya 1950 Kitui ilipatwa na mlipuko wake mkubwa. Ziba nyufa kwa udongo uliochanganywa na mchanga na chokaa. Udongo wa kichuguu ni mzuri sana kwa kukandika na mafundi wanaupenda, ila usiwatume watoto kuuchimba, hasa jioni. Achimbe mtu mzima aliyevaa nguo ndefu. Mtu akiwa na homa ya zaidi ya wiki mbili isiyosikia dawa ya malaria, akakonda, na tumbo likavimba upande wa kushoto, aende hospitalini apimwe kala-azar. Inatibika, lakini ikiachwa inaua.

Sasa nataka tukae kidogo kwenye ghala, lile la kwetu tunaloliita ikumbi, kwa sababu hapa ndipo nyumba na kifo vilikutana katika wilaya zetu.

Mwaka 2004, Makueni na Kitui ziliongoza kwa msiba wa mahindi yenye sumu ya aflatoksini. Waliougua na kuhesabiwa walikuwa 317, na 125 kati yao walikufa. Mahindi yalikuwa yamevunwa mvua ikinyesha isivyotarajiwa, yakahifadhiwa yakiwa na unyevu, kuvu ikamea. Wachunguzi walipolinganisha familia zilizougua na majirani wao ambao hawakuugua, waliona kwamba wengi wa waliougua walikuwa wameweka mahindi mabichi, na wameyaweka ndani ya nyumba badala ya ghala. Kwa nini ndani? Njaa ilikuwepo, na watu waliogopa wezi. Hilo ni jambo la kweli, siwezi kumlaumu mama yeyote. Kwa hiyo ushauri wangu si kwamba mahindi yarudi shambani. Jenga ghala dogo karibu na dirisha la chumba unacholala, lenye mlango wa kufuli.

Na ghala ndicho kitu kinachofaa zaidi kujengwa kwa vifaa vya zamani. Mbao za paa la nyumba iliyobomolewa, zisizo na oili wala dawa, zinatosha. Miguu yake iwe na kimo cha mita moja hivi. Kila mguu uvalishe bati kuukuu lililokunjwa kama faneli iliyopinduliwa, mdomo ukitazama chini, ili panya anayepanda akwame hapo. Hata mkebe mkubwa wa mafuta ya kupikia uliokatwa hufanya kazi hiyo. Kuta ziwe na nafasi ndogo za kupitisha upepo. Paa liwe la mabati ambayo umeyatazama kwanza dhidi ya jua: ingia chini yake mchana, uone miali inapopenya, uzibe kila tundu. Bati lenye kutu kidogo halina neno, mimi silioni aibu. Bati linalovuja juu ya mahindi ndilo la kukataa.

Kama ghala bado halijawezekana na magunia yamo ndani, yasiguse sakafu wala ukuta. Mbao zile za kupangia mizigo madukani zinafaa kuwekewa magunia, lakini uliza zilibeba nini. Zikiwa zilibeba dawa za shamba, ziache. Nyingi zimepigwa mhuri: herufi HT zina maana kwamba mbao ilitibiwa kwa joto, nayo inafaa, herufi MB zina maana kwamba ilifukizwa kwa gesi ya sumu, hiyo usiilete kwenye chakula.

Ghala zuri haliponyi mahindi yaliyoingia yakiwa na unyevu. Jaribu hivi: chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, tia chumvi kavu kijiko kimoja na mahindi kiganja kimoja, funga, tikisa kwa dakika chache, kisha iache itulie kama robo saa. Chumvi ikishika kwenye kioo, mahindi bado. Yarudishe juani, juu ya turubai, si juu ya udongo. Na tafadhali, mahindi yaliyoota kuvu usiyaoshe ukasema yatapona. Kuchemsha hakuondoi sumu hiyo. Kukoboa kwa ajili ya muthokoi hupunguza kiasi chake, lakini hakuimalizi. Mtu akila kisha macho yakawa ya manjano, akatapika na tumbo au miguu ikavimba, mkimbize hospitalini na mbebe sampuli ya mahindi hayo.

Msikilizaji mmoja ametuandikia akiuliza: siku ya kubomoa, sisi wenye watoto tufanye nini? Swali zuri. Watoto wadogo na mama mjamzito wapelekwe kwa jirani mpaka vumbi litulie. Mafundi wamwagie ukuta maji kabla ya kuupiga, na wafunge kitambaa puani. Misumari yote iliyong'olewa iwekwe kwenye mkebe mmoja, ihesabiwe kama pesa, kwa maana msumari ulioachwa kwenye mchanga utatafuta mguu wa mtoto. Mtu akichomwa, jeraha lioshwe kwa maji mengi na sabuni, kisha aje kituoni kuhusu chanjo ya pepopunda hata kama jeraha ni dogo. Mama mjamzito, hakikisha umepata chanjo yako kliniki. Humlinda na mtoto anayezaliwa.

Matofali na mbao ulizonunua zisirundikwe kwenye ukuta wa chumba cha kulala. Zipange mbali na mlango, zikiwa juu ya mawe, na zitumike mapema. Rundo la matofali ni nyumba ya nge na nyoka, na Kitui ni mojawapo ya sehemu za nchi hii zinazoumwa sana na nyoka. Kabla ya kuinua tofali, ligeuze kwa kijiti. Mtu akiumwa, asikatwe kwa wembe wala asifungwe kamba. Atulizwe, mguu au mkono usisogezwe, mtoe bangili na pete, mtafutieni gari au bodaboda apelekwe hospitalini mara moja. Akienda na pikipiki, mtu mmoja aketi nyuma yake amshike.

Kama ungependa fundi wako aje kusikiliza sehemu ya asbesto tena, au huna uhakika na mabati uliyonayo, mhudumu wa afya wa kijiji chako anaweza kukufikisha kwa afisa wa afya ya umma. Kipindi kijacho tutazungumza juu ya maji ya paani: jinsi ya kusafisha gata na tangi kabla ya mvua za Oktoba. Mpaka wakati huo, kwaherini.